KATO ilitoka wapi, na kwa nini mteja wa ng'ambo anaiulizia kabla ya leseni yako

Swali nimeletewa na dada mmoja wa Nakuru, nalifupisha: "Kaka, mimi na mume wangu tumesajili kampuni ya safari, tuna Land Cruiser moja ya mkopo na Hiace moja. Kuna ejenti wa Ujerumani anataka kutupa wageni lakini swali lake la kwanza ni kama tuko KATO. Nikiuliza watu, mmoja ananiambia hiyo ni klabu ya matajiri wa Nairobi, mwingine ananiambia bila KATO hufiki popote. Hiki chama kilianza vipi, kwa sababu gani, na mbona mtu aliye mbali hivyo anakijali kuliko leseni yangu ya serikali?"

Dada yangu, swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu watu wengi wanauliza tu ada ni ngapi na fomu iko wapi, hakuna anayeuliza kilianza vipi, na ukishajua kilianza vipi hata hizo ada utazielewa. Mimi niko kwa hii biashara tangu 1992, nilianza kama dereva wa minibasi halafu nikaingia ofisini upande wa kupanga safari, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, tafuta nafasi ukae.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Leseni yako inatoka serikalini, siku hizi ni kwa ile mamlaka ya kudhibiti utalii, TRA, iliyoletwa na Sheria ya Utalii ya 2011, na hiyo si hiari, ukibeba watalii bila leseni unashikwa. KATO, yaani Kenya Association of Tour Operators, ni kitu kingine kabisa. Ni muungano wa hiari wa kampuni zenyewe zinazoendesha safari Kenya, ulianzishwa 1978, unaendeshwa na wanachama kwa ada zao, na hauwezi kumfungia mtu biashara. Ikifika mwisho kabisa inachoweza ni kumtoa mtu kwenye orodha. Ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, kumbe hiyo orodha ndiyo Mjerumani wako anaiangalia.

Sasa twende nyuma. Biashara ya safari huku kwetu ni ya zamani kuliko Nairobi yenyewe. Kabla ya reli kulikuwa na misafara ya pwani, Mombasa, Pangani, Bagamoyo, watu mia kadhaa wanaondoka na mizigo kuelekea bara, na kila msafara una mnyapara, una wapagazi, una askari, una mpishi, kila mtu na kazi yake na posho yake. Neno safari ambalo leo liko kwenye brosha za dunia nzima lilitoka hapo, kwa watu waliotembea kwa miguu. Reli ilipofika Nairobi 1899 wawindaji wa kizungu walianza kuja, na hawakuanzisha mfumo mpya, walichukua ule ule wa misafara. Kampuni kama Newland & Tarlton ya Nairobi ilikuwa inakupangia kila kitu, mahema, chakula, wapagazi, kibali. Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja 1909 na safari yake ilibeba wapagazi zaidi ya mia mbili, yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Ukiangalia kazi aliyofanyiwa na ile kampuni, ni kazi ile ile unayotaka kufanya wewe na Hiace yako, mtu yuko mbali, analipa, wewe unahakikisha akifika kila kitu kipo.

Chama cha kwanza cha maana kwenye hii kazi kilikuwa cha wawindaji. 1934, wawindaji wa kulipwa walikutana Norfolk Hotel pale Nairobi wakaunda East African Professional Hunters' Association, na Philip Percival ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Watu wanakiona kama hadithi ya wazungu na bunduki zao, lakini mimi nakichukulia kwa uzito kwa sababu shida waliyokuwa wanatatua ndiyo shida yetu mpaka leo. Mtu anatoka ng'ambo na pesa nyingi, hamjui mwindaji hata mmoja, na yeyote mwenye gari na bunduki anaweza kujiita mtaalamu. Akipigwa pesa, au akijeruhiwa na nyati kwa sababu aliyempeleka alikuwa hajui kazi, anarudi kwao na kusema Afrika Mashariki nzima ni matapeli. Kwa hiyo wale wazuri wanaumia kwa makosa ya wale wabaya. Walichofanya ni kuweka masharti, nani anaingia na nani haingii, kijana anajifunza chini ya mkubwa kwanza, na anayevunja maadili ya uwindaji anaitwa kujieleza mbele ya wenzake.

Na lazima niseme hili pia. Kwa miaka mingi karibu wanachama wote walikuwa wazungu, wakati wale waliokuwa wanasoma nyayo, wanaobeba bunduki ya pili, wanaojua simba amelala wapi, walikuwa Wakamba, Wadorobo, Wameru, na majina yao hayakuandikwa kwenye kitabu cha chama. Hili doa nalitaja kwa sababu ule uvumi wa klabu ya matajiri uliousikia haukuanza jana, una mizizi mirefu kuliko KATO yenyewe.

Baada ya vita vya pili mambo yakaanza kugeuka. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa 1946, Tsavo 1948, na taratibu mgeni wa kamera akaanza kumzidi mgeni wa bunduki kwa idadi. Uwanja wa ndege wa Embakasi ukafunguliwa 1958, halafu ndege za jeti zikafanya Ulaya kuwa karibu, usiku mmoja tu mtu amefika. Uhuru ukaja, 1965 serikali ikaunda shirika la kuendeleza utalii, KTDC, na mwisho mwisho wa miaka ya 60 ikaleta sheria ya leseni kwa biashara za utalii. Hapo kampuni zikaota kama uyoga. Tofauti ni kwamba mwindaji alikuwa na wageni wawili watatu kwa mwezi mzima, lakini kampuni ya minibasi inabeba mamia, leo hawa wanaingia kesho wale wanatoka, na mkono mmoja wa hesabu ukiteleza watu arobaini wanalala nje. Chama cha kusimamia hiyo kazi mpya hakikuwepo bado, nguvu ilikuwa bado kwa wawindaji na kwa wenye hoteli ambao walikuwa na chama chao tangu 1944.

Halafu ukaja 1977, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndio moyo wa jibu lote.

Mpaka wakati huo Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa kama uwanja mmoja kwa watalii. Mgeni alitua Nairobi kwa ndege ya East African Airways, gari la Nairobi likampeleka Amboseli, likavuka Namanga, likaenda Manyara, Ngorongoro, Serengeti, likatokea Mara na kurudi Nairobi, gari ni moja na dereva ni yule yule. Kenya ilifaidi sana, Tanzania ikawa inalalamika kwamba wanyama ni wao lakini pesa inabaki Nairobi, na ukiangalia kwa haki malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mapema 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande ule zikashikwa. Hebu jiweke kwa viatu vya mwenye kampuni ya Nairobi wakati ule, gari lako liko Arusha huwezi kulitoa, wageni wako wamekwama, na brosha zilizochapishwa Ulaya kwa msimu mzima zinauza safari ambayo haipo tena.

Hata kabla vumbi halijatulia, Mei mwaka huo huo serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Siku moja ulikuwa na taaluma, siku ya pili huna. Chama cha wawindaji kilichokuwa na miaka zaidi ya arobaini kikavunjwa 1977 hiyo hiyo kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusimamia. Wengine walihama wakaenda kuwinda nchi nyingine, wengine waliweka bunduki chini wakashika kazi ya kupiga picha. Machi 1978 ikaja marufuku nyingine, ya kuuza vitu vya wanyama, ngozi, meno, zile bangili za nywele za tembo, na maduka mengi ya mjini yaliyokuwa yanategemea mtalii yakafungwa. Na Agosti 1978 Mzee Kenyatta akafariki.

Ni katika mwaka huo, 1978, ndipo KATO ikaundwa. Mimi sisemi kwamba chama cha wawindaji ndicho kilichozaa KATO, lakini angalia hizo tarehe. Ndani ya mwaka mmoja na miezi michache kampuni za safari zilipoteza mpaka, magari, shirika la ndege, uwindaji na biashara ya vinyago vya ngozi, na kila mara uamuzi ulikuja kutoka juu na wao wakausikia kama wewe unavyosikia habari kwa redio. Kampuni moja moja ikienda wizarani kulalamika inaambiwa ngoja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na chama, kuwe na mlango mmoja ambao serikali inaweza kubisha kabla ya kuamua na sauti moja inayoweza kujibu. Sababu ya pili ilikuwa kwamba safari sasa ilikuwa ya Kenya peke yake, magari yote yamerudi kugombania Amboseli, Tsavo, Samburu na Mara, bei zinachinjwa, na pasipo na masharti ya pamoja yule anayepunguza bei kwa kutofanya sevisi ya gari ndiye anashinda.

Upande wa Tanzania ni hadithi pacha, na unaihitaji kwa sababu najua siku moja mgeni wako atakuomba umuunganishie Serengeti. Kule utalii ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma zaidi, na kufungwa kwa mpaka kuliwapiga pia, wageni walipungua sana kwa muda. Chama chao, TATO, makao yake Arusha, kilianzishwa 1983, na Novemba mwaka huo huo marais walikutana Arusha, Nyerere, Moi na Obote, mpaka ukafunguliwa tena. Lakini ule uwanja mmoja haukurudi. 1985 nchi hizi mbili ziliandikiana makubaliano ya utalii kwamba gari la watalii la upande mmoja linaishia kwenye miji ya mpakani, haliingii mbugani kwa mwenzake, na ile njia ya wageni kati ya Mara na Serengeti pale Sand River ikabaki imefungwa mpaka leo, nyumbu wanapita watalii hawapiti.

Nimefanya kazi hiyo ya Namanga mara nyingi mno. Unafika na wageni wako saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, akina mama wa Kimaasai wameshazunguka dirisha na shanga, unapaki, wageni wanashuka kugonga pasipoti upande wa Kenya, halafu zamani ilikuwa watembee na mizigo yao mpaka upande wa pili wagonge tena, kabla hakijafunguliwa kile kituo cha pamoja 2018. Mwenzako wa Arusha anakungoja na gari lake. Mnahamisha mabegi kutoka buti hadi buti, unamkabidhi karatasi, nani hali nyama, nani ana kisukari, nani anaogopa urefu, mnapeana mikono, na mgeni anakuuliza kwa mshangao, kwani wewe huendi na sisi? Baada ya siku nne ameshakuzoea. Kila mara nikijibu hilo swali nilikuwa nakumbuka 1977 ingawa mwenyewe sikuwa kazini wakati huo, maana karatasi ya makubaliano ya serikali mbili inaishia hapo kwenye buti la gari.

Na hiyo karatasi inaweza kugeuka kuwa moto wakati wowote. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa JKIA kubeba wageni, Tanzania nayo ikajibu baadaye kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, na ikabidi marais Kenyatta na Kikwete wakutane Windhoek, Machi 2015, kwenye sherehe ya kuapishwa kwa rais wa Namibia, ndipo ikaisha. Katika mzozo kama huo wewe mwenye magari mawili huna hata namba ya simu ya kupiga, chama chako ndicho kinakaa mezani. Hata hivyo sitakudanganya, vyama vyenyewe mara nyingine ndivyo vinavyosukuma kufungiana, kwa sababu kila kimoja kinalinda gari la mwanachama wake. Mimi naona hapo vyama vyote viwili vimetukosea, mgeni anataka Afrika Mashariki nzima na sisi bado tunahamisha mabegi.

Sasa nije kwa Mjerumani wako na kwa nini anakijali chama kuliko leseni. Leseni inamwambia kwamba serikali inakujua. Haimwambii kwamba wageni wake watalala.

Nikupe kisa changu. Katikati ya miaka ya 90, mwezi wa Agosti, msimu wa nyumbu, nilikuwa dereva wa kampuni ambayo sitaitaja na ilishakufa zamani. Nilikuwa na familia ya watu wanne, baba, mama na vijana wawili, tumetoka Nakuru mpaka Mara, tumefika loji jua linazama, nimechoka, nimejaa vumbi mpaka kope. Naingia mapokezi na vocha, ile karatasi ya kampuni ya kuonyesha wageni wana vyumba vyao, yule dada wa mapokezi anaangalia kitabu, anaangalia vocha, ananivuta pembeni. Bukingi ipo, pesa haijaingia. Napiga redio ofisini, hakuna anayejibu. Nikaja kujua baadaye kwamba bosi alikuwa amechukua depoziti ya hawa kulipia loji ya kundi lililotangulia, na depoziti ya lile kundi alikuwa amenunulia gari. Yule mama wa kizungu akafungua folda yake, akatoa risiti ya benki ya kwao yenye muhuri, akaiweka juu ya kaunta taratibu akainyoosha na kiganja. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani angepiga.

Aliyetuokoa ni dereva wa kampuni nyingine, mzee wa makamo, alikuwa anakunywa chai pale nje. Akasikiliza, akaenda kwa gari lake, akamwita bosi wake kwa redio, na yule bosi, ambaye kampuni yake ilikuwa mwanachama wa KATO na ina akaunti na ile loji, akasema wapeni vyumba nitaandika mimi, hao ni wageni wa Kenya. Nakumbuka hayo maneno vizuri. Wale watu walilala. Bosi wangu alikuja kulipa baada ya wiki nyingi na kwa kusukumwa.

Usiku ule tuliokolewa na utu wa mtu mmoja, na mtu kama huyo unaweza kumkosa. Kitu ambacho chama kinatafuta ni kuhakikisha hatuombi Mungu tumkute. KATO ina mpango wa dhamana kwa wateja, maana yake kwa lugha rahisi ni kwamba mwanachama akifilisika baada ya kupokea pesa ya mgeni, kuna kinga ya pamoja inayomfanya yule mgeni asiachwe kwenye mataa. Wazo hili halikuanzia kwetu. Uingereza chama cha wenye biashara hiyo, ABTA, kilianzishwa 1950, na kikajifunza kwa uchungu kampuni zikianguka, kubwa ikiwa Agosti 1974 wakati Court Line na kampuni yake ya likizo ya Clarksons ilipokufa katikati ya msimu na makumi ya maelfu ya watu wako ufukweni ng'ambo, na wengine zaidi wameshalipa hawajasafiri. Marekani nako kampuni za safari ziliungana 1972 zikaunda USTOA kwa hofu ile ile ya wenzao kufilisika na pesa za watu.

Halafu 1990 Jumuiya ya Ulaya ikapitisha amri kuhusu safari zinazouzwa kwa kifurushi, na hapa ndipo mambo yalipobadilika hata kwetu bila wengi kujua. Sheria hiyo, na ile ya 2015 iliyochukua nafasi yake, inamfanya yule aliyemuuzia mgeni kifurushi kule Ulaya abebe lawama hata kama aliyeharibu ni mtu wa huku. Yaani tairi yako ikipasuka kwa sababu ilikuwa kipara, au loji ikikataa vocha yako, anayeshtakiwa Ujerumani ni huyo ejenti wako. Sasa unaelewa swali lake. Hakudharau hata kidogo, anatafuta mtu wa pili wa kumshika mkono kama wewe utaanguka. Leseni haimpi mtu wa pili, orodha ya chama inampa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuzima moto tu, nitaipitia haraka. Vurugu za Likoni 1997, bomu la ubalozi wa Marekani Agosti 1998, shambulio la hoteli ya Kikambala Novemba 2002, fujo za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulio ya Westgate 2013 na Mpeketoni 2014, na Mei ya huo mwaka wa 2014 watalii wa Uingereza waliondolewa Mombasa kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha. Kila tukio, kazi ya chama ilikuwa ile ile, kujua magari yote yako wapi, kuambia maejenti barabara ipi iko salama, na kukaa na mabalozi kuwabembeleza walegeze maonyo yao ya safari. Pia kampuni za safari, wenye hoteli na wengine walishaungana juu kabisa kwenye Kenya Tourism Federation, wakawa na kituo chao cha usalama na mawasiliano. Corona 2020 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, ndege za abiria kutoka nje zilisimama Machi zikarudi Agosti mosi, na vita haikuwa ya wageni tena, ilikuwa ya depoziti, kila mgeni anataka pesa yake irudi wakati wewe umeshailipa loji na loji imeshalipa mishahara. Wale waliokuwa wameshika pesa za wateja mbali na pesa za matumizi walivuka. Wengine waliuza magari.

Kodi pia, usiisahau, ingawa haina mvuto wa kusimulia. Sheria ya VAT ya 2013 ilileta asilimia 16 kwenye viingilio vya mbuga na kazi yetu, na bei zilikuwa zimeshauzwa ng'ambo mwaka mmoja kabla, kwa hiyo ile asilimia ilitoka mfukoni mwa kampuni. Ilichukua kelele ya miaka mitatu, KATO ikiwa mbele, mpaka sheria ya fedha ya 2016 ikaondoa. Hapo wanachama na wasio wanachama walifaidi sawasawa.

Ile habari ya klabu ya matajiri sasa. Ina ukweli wake. Kampuni kubwa za Nairobi ndizo zilizokijenga, ndizo zenye nafasi ya kukaa kwenye vikao mchana wa siku ya kazi, na mtu wa Nakuru, Kisumu au Malindi mara nyingi alijiona mgeni. Wamejaribu kupunguza hilo kwa kupanga wanachama kwa makundi kulingana na ukubwa wa biashara, mdogo halipi kama mkubwa, lakini kulipa kidogo na kusikilizwa ni mambo mawili tofauti, na kama utaingia nakuomba usikae kimya, nenda mikutanoni, gombea nafasi ukiweza. Wadogo wakibaki nje wakilaumu, chama kitaendelea kuwa cha wakubwa. Na hao wanaokuambia bila KATO hufiki popote nao wanazidisha, kuna kampuni nzuri ambazo haziko kwenye orodha na zina wageni wanaorudi kila mwaka kwa sababu ya jina lao. Ila hizo zimejenga jina kwa miaka, wewe huna miaka, una ejenti anayesubiri jibu wiki hii.

Kwa hiyo kwa upande wako ningefanya hivi. Mjibu Mjerumani ukweli, kwamba kampuni ni mpya, leseni hii hapa, bima ya magari na ya abiria hizi hapa, na maombi ya uanachama mnayaandaa. Ejenti mzoefu anaheshimu jibu la namna hiyo kuliko mtu anayebandika nembo ya chama kwenye tovuti yake na hayumo, na hilo wanalikagua, ni kubofya mara moja tu kwenye orodha. Halafu nenda benki wiki hii hii ufungue akaunti ya pili ambayo haitaguswa kwa dizeli wala kwa mkopo wa Land Cruiser, iwe ya depoziti za wageni peke yake, kila pesa ikiingia iandikwe ni ya nani na inalala loji gani tarehe ngapi. Pesa ya mgeni inakuwa yako siku amepanda ndege kurudi kwao. Ada za mwaka huu na karatasi zinazohitajika ziulize ofisini kwao Nairobi moja kwa moja maana hubadilika, na usimlipe mtu yeyote anayejiita wakala wa kukuingizia fomu, hiyo fomu unaijaza mwenyewe. Ukifika hapo niandikie tena, nitakuonyesha ninavyopanga kitabu changu cha vocha.